Hewa ya Mombasa au machungwa ya Mombasa?

Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga hapa kwetu, na ndani kulikuwa na mabaharia wagonjwa wa kiseyeye, yaani ufizi umevimba unatoa damu, meno yanalegea, mtu hata nguvu za kusimama hana. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, machungwa na malimau kwa wingi, na miwa. Wagonjwa wakapona. Sasa yule aliyekuwa akiandika habari za safari akaandika nini? Kwamba Mungu amewarehemu kwa sababu hewa ya mji huu ni nzuri sana. Hewa jamani! Waliporudi Malindi Januari 1499 wagonjwa wenyewe ndio waliolilia machungwa, kwa hivo kuna waliokuwa washashuku, lakini kushuku si kujua.

Simlaumu huyo mwandishi, manake sisi hadi leo twafanya hivo hivo. Nyanya yangu mgonjwa yeyote alikuwa akimtoa barazani apate upepo wa bahari, na akipona basi ni upepo. Wakati wa corona simu yangu ilijaa jumbe za ndimu na kitunguu saumu, kila mmoja ati jirani yake alikunywa siku tano akapona. Lakini mafua ya kawaida huisha yenyewe kwa wiki moja hivi hata ukikaa bure, sasa utajuaje kama ni ndimu iliyokuponya ama ni mwili wako wenyewe? Mimi naona hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye mambo ya afya na watoto wetu hawafundishwi kuliuliza.

Jibu lake lilipatikana baharini vilevile. Mwaka 1747 daktari mmoja wa meli ya Uingereza, James Lind, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, hali zao zafanana, chakula chao kimoja, akawagawa wawili wawili. Wawili siki, wawili maji ya bahari, wengine kila wawili na dawa yao, na wawili wakapewa kila siku machungwa mawili na limau moja. Hayo matunda yaliisha kwa siku sita tu, lakini mmoja wa wale wawili alikuwa tayari kurudi kazini. Utamu wa hiyo hesabu ni wale kumi wengine. Bila wao angeweza kusema ni hewa, ni maombi, ni supu, lakini wote walivuta hewa moja. Na hata hivo jeshi la maji la Uingereza lilikaa mpaka 1795 ndio likaanza kuwapa mabaharia maji ya limau!

Mwezi uliopita mpwa wangu alinionyesha daftari lake la sayansi. Jaribio limeandikwa, matokeo yameandikwa, hitimisho limeandikwa, yote kutoka ubaoni, na yeye hajagusa hata chupa moja. Iliniuma. Nikamwambia twende dukani. Tukanunua iodini ile ya kupaka vidonda, ndimu tukazitoa Marikiti, siki ilikuwepo jikoni. Tukachukua maji ya wali yaliyopoa tukayatia kwenye glasi tatu, tone moja moja la iodini, na yale maji yakageuka buluu nzito karibu na nyeusi, manake hivo ndivo iodini ifanyavyo ikikutana na wanga. Glasi ya kwanza tukaongeza maji matupu, rangi ikabaki. Ya pili maji ya ndimu, kijiko baada ya kijiko, huku yuakoroga polepole, mara ile buluu ikafifia ikaenda zake, maji yakabaki meupeupe kama mwanzo. (Msinywe hayo maji, iodini ya vidonda si ya kunywa.)

Akaruka, "Ni uchachu ami, uchachu ndio umefuta!"

Basi tia siki, nikamwambia, siki nayo chachu. Akatia vijiko viwili, akangoja, akainua glasi kwenye mwanga wa dirisha. Buluu ile ile. Alikaa kimya kitambo, na kile kimya mimi sikibadilishi na daftari zima. Inayofuta ile rangi ni vitamini C, ndiyo hiyo hiyo iliyowakosa wale mabaharia, mwili hauwezi kushikanisha nyama za ufizi wala kufunga kidonda bila yake. Mbuzi hujitengenezea mwilini mwake, sisi lazima tuile.

Na mtu asinielewe vibaya kwamba nadharau dawa za wazee. Dawa ya malaria tunayopewa hospitali leo yatokana na mmea wa tiba za kale za Kichina, na Tu Youyou, mwanasayansi wa Uchina aliyeitoa, akapata tuzo ya Nobel 2015, alifaulu alipoacha kuichemsha akatumia joto dogo. Mzee alijua jani, jaribio likaonyesha namna.

Hilo la kuchemsha ndilo lililomshika mpwa wangu. Yuataka kujua ile chai ya ndimu ya nyanya inayotokota jikoni kutwa, vitamini yake yabakia kiasi gani. Ashakata ndimu moja nusu kwa nusu, nusu ya sufuriani, nusu ya kukaa hivo hivo, na amenikataza nisiguse kijiko mpaka ahakikishe vyote viwili vimepimwa sawa.