Frank Wai Neema

Kwa wale wanaoniuliza kwa nini pale Tabata siku hizi naitwa Wai, kisa chenyewe ni hiki.

Mimi nina steshenari. Kutoa kopi, kuprinti CV, picha za paspoti, barua za serikali za mtaa, mikataba ya kupangisha chumba, na zaidi ya yote kadi za harusi. Kazi zote hizo zilikuwa zinabebwa na laptopu moja niliyoinunua Kariakoo, mtaa wa Aggrey, used ya Dubai. Muuzaji aliniapia kuwa mwenye nayo wa kwanza alikuwa Mwarabu aliyeitumia kusomea habari tu. Pembeni ilikuwa na kibandiko kinachosema prosesa ni kizazi cha 6. Mimi nilitembea kifua mbele. Kizazi cha sita! Kwetu hata babu wa babu hatumjui jina.

Ikafika tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma, dunia nzima ikaambiwa ihamie Windows 11. Windows 11 nayo kwa upande wa prosesa za Intel, kama yangu, inataka kuanzia kizazi cha 8, na inataka kidude cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Cha kwangu kilikuwa 1.2. Yaani kompyuta nzima, kioo kizima, kibodi kimekosa herufi moja tu, halafu unaambiwa imezeeka.

Fundi wangu wa Kariakoo akasema, "Bosi, lete nikupigie window kiujanjaujanja, itakubali tu." Nikakataa. Mara ya mwisho aliponipigia window, kompyuta ilirudi ikijitambulisha kwa jina la "Mama Sele Saluni", na mpaka leo sijui zile picha za misuko zilitoka wapi.

Nikaamua kuwaandikia wenyewe waliotengeneza laptopu. Siwataji, wanajijua. Ukurasa wao wa msaada unataka kwanza uchague nchi yako. Nikashuka kwenye herufi T: Tajikistan ipo, Thailand ipo, sisi hatupo. Nikapanda, nikashuka, bando linakatika. Karibu nichague Kenya kwa hasira. Kumbe tuko kwenye U, "United Republic of", tumekaa katikati ya Uingereza na Marekani kama tumealikwa kikao. Nikabofya. Akaja roboti wa kuchati, akaniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Nikamwambia tatizo ni kizazi. Akanipa pole, akanionyesha picha ya laptopu mpya yenye bei ya bodaboda.

Hapo ndipo mpwa wangu, aliyeko chuo, akaingilia kati. "Mjomba, hama. Weka Ubuntu."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ubuntu si utu, mjomba? Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, unakaa mahali pa Windows. Aliyeianzisha mwaka 2004 ni Mark Shuttleworth, wa Afrika Kusini. Chini yake kuna Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Finland. Na ni bure."

Mtu mzima wa Dar akisikia bure hushika mfuko wa nyuma. Lakini nilikuwa nimechoka na maroboti, nikamwambia aje Jumamosi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa kila mtu hudhani atakuwa mjanja kuliko mimi. Ijumaa usiku nilihamisha kila kitu. Miaka saba ya kazi: kadi, mikataba, ratiba za misiba, barua za kuomba kazi za watu ambao wengine sasa ni mabosi. Vyote kwenye flashi moja nyekundu ya GB 32 niliyoifunga kwenye ufunguo wa duka isipotee. Nikalala kama mtoto.

Jumamosi mpwa akaja. Duka limejaa. Mimi nina mkasi mkononi, nakata picha za paspoti za mama mmoja anayelalamika kuwa sikio lake la kushoto halionekani. Mpwa akasema Ubuntu inabidi iandikwe kwanza kwenye flashi, ndipo iingie kwenye kompyuta.

"Mjomba, una flashi?"

"Ninayo hii hapa," nikavua kwenye ufunguo, nikampa. Kwa mkono wangu huu wa kulia.

Baada ya dakika akasema, "Mjomba, inasema vilivyomo vyote vitafutika. Niendelee?"

"Endelea, endelea," nikamwambia, nikitafuta sikio la mama.

Akaendelea. Baadaye akauliza tena: tuiweke pembeni ya mfumo wa zamani, au tufute diski yote? Nikacheka kwa dharau. Futa yote, si nimeshahamisha?

Saa moja baadaye ikawaka. Rangi ya zambarau na machungwa, safi, nyepesi, inafunguka haraka kuliko siku niliyoinunua. Hata mama wa sikio akasifia. Nikavuta stuli, nikakaa mbele ya kioo kama mkurugenzi, nikamwambia mpwa, "Haya, sasa turudishie vitu vyetu kutoka kwenye flashi."

Kimya.

"Mjomba," akasema taratibu, kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji. "Flashi ipi?"

Wote wawili tukaigeukia. Bado ilikuwa imechomekwa, inapepesa kataa kake ka bluu, haina habari.

Sitaeleza nilichosema. Mama alichukua picha zake akaondoka bila chenji.

Saa kumi jioni, bado nimekaa kwenye stuli ileile, akaingia mwenyekiti wa kamati ya harusi ya Frank na Neema. Kadi za mchango 150, anazitaka kesho asubuhi kabla ya kikao. Nikataka kumwambia ukweli, nikakumbuka alishalipa nusu. Tena nikakumbuka jambo jingine: sampuli nilishamtumia kwa barua pepe! Nikaingia kwenye barua pepe, nikaipakua, ikafunguka kwenye programu mpya. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Watu wa steshenari tukikagua kadi tunaangalia vitu viwili tu: namba ya simu ya mweka hazina na tahajia ya majina. Namba sawa. Frank yuko sawa. Neema yuko sawa. Katikati yao sikuangalia, kwani katikati ya maharusi kuna nini cha kukagua? Single elfu hamsini, double laki moja, sawa. Nikaprinti zote usiku uleule, LUKU imebaki uniti mbili. Asubuhi bodaboda akazisambaza.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mwenyekiti.

"Kijana, huyu Wai ni nani?"

"Wai gani, mama?"

"Uliyemweka katikati ya bwana harusi na bibi harusi!"

Nikachukua kadi iliyobaki mezani. Kwa maandishi ya dhahabu: FRANK Y NEEMA. Pale palipokuwa na moyo mwekundu, moyo niliouweka mwenyewe, kuna Y imesimama imepanua mikono kama trafiki.

Kabla sijapumua, mjomba wa bibi harusi akapiga kutoka Korogwe. Yeye alikuwa ameisoma kwa sauti mbele ya ukoo. "Frank wai Neema. Anamuwahi ana nini? Binti yetu ana hali gani huko ambayo sisi hatujaambiwa?" Nikamwapia kuwa binti hana hali yoyote. Akaniuliza mimi nimejuaje.

Na bado. Chini ya kadi, palipokuwa na kile kikaragosi kinachotabasamu, palisomeka: "Karibu tufurahi pamoja J". Tarehe ilikuwa imeandikwa juu, kubwa, lakini mtu asiyetaka kuchanga hasomi tarehe. Mweka hazina akapokea ujumbe siku nzima: ni J1 au J2? Tunasubiri kufafanuliwa J ipi ndipo tutoe.

Mpwa alinieleza kwa simu, kwa sababu kuja dukani aliogopa. Ule moyo haukuwa picha. Ni fonti iitwayo Webdings: ukiandika Y inakuonyesha moyo. Tabasamu nalo ni J ya fonti nyingine, Wingdings. Kompyuta isiyo na fonti hizo inakuonyesha herufi tupu iliyojificha chini. Miaka yote nimewauzia watu mapenzi, kumbe ndani yake ni Y.

Akanielekeza kifurushi cha fonti cha kupakua, Webdings imo ndani. Kikashuka, kikasimama kwenye skrini ya masharti yenye neno Ok. Nikabofya Ok. Haibofyeki. Nikabofya kwa nguvu. Nikaipuliza mausi. Nikatoka nikanunua mausi mpya duka la jirani, elfu kumi na mbili, nikabofya. Wapi. Nikampigia mpwa.

"Mjomba, hapo mausi haifanyi kazi. Bonyeza Tab, halafu Enta."

Moyo ukarudi. Tabasamu nikaliacha, nikaandika "Asanteni" kwa herufi za kawaida. Kadi 150 nikaprinti upya kwa karatasi yangu na wino wangu, na mwenyekiti akaja kuzichukua mwenyewe. Akahesabu moja moja huku amelamba kidole, akaangalia katikati ya majina kwenye kila kadi, zote mia na hamsini, bila kusema neno.

Alipomaliza akafungua mkoba, akatoa kadi moja ya zamani, yenye Y. Juu yake palikuwa na jina langu kwa kalamu, na neno "double" limepigiwa mstari mara mbili.

"Hii yako tumeona isibadilishwe," akasema. "Uwahi."

Nikawahi.