Petroli, barabara na mtumbwi: tozo ya kila lita inamwangukia nani Mwanza

EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ikipanda, vijiwe vya bodaboda vya Buzuruga, Igoma na Nyegezi huwa na mtuhumiwa mmoja: kodi. Serikali nayo huwa na jibu moja: soko la dunia. Mjadala hauishi kwa sababu kila upande unajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza. Dereva anauliza kwa nini lita ni ghali. Serikali inaeleza kwa nini imepanda.

Tufungue lita yenyewe. Kwa viwango vilivyowekwa na bajeti ya 2021/22, ambavyo ndivyo nitakavyotumia kwenye hesabu zote hapa chini, petroli ilibeba makato makubwa matatu: ushuru wa bidhaa shilingi 379, tozo ya mafuta shilingi 413 na ada ya petroli shilingi 100. Jumla ni 892. Dizeli ilikuwa na ushuru mdogo zaidi, shilingi 255, hivyo jumla yake ilikuwa 768. Ushuru wa bidhaa unaingia Hazina. Tozo ya mafuta ilikwenda Mfuko wa Barabara, isipokuwa shilingi 50 zilizopelekwa Mfuko wa Maji. Ada ya petroli inagharimia umeme vijijini. Juu ya hayo kuna vitozo vidogo vya taasisi za udhibiti, bandari, vipimo na vinasaba (kemikali ya kutambulisha mafuta halali), ambavyo kimoja kimoja havitishi. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, haimo.

Jambo ambalo wengi hulipita ni kwamba makato hayo ni shilingi kwa lita, si asilimia ya bei. Pipa likipanda bei Uarabuni, kodi inabaki palepale. Agosti 2022 petroli ilifika shilingi 3,410 Dar es Salaam, tena ikiwa na ruzuku ndani yake, na zile 892 zilikuwa kama asilimia 26 ya bei. Kwenye bei ya chini ya 2,900, 892 hizohizo zingekuwa zaidi ya asilimia 30. Kwa hiyo anayesema kodi ndiyo iliyopandisha mafuta mwaka 2022 amekosea. Majirani wa Kisumu wana malalamiko mazito zaidi katika hili: Kenya ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na VAT hupanda pamoja na bei. Hazina yao huneemeka kila mwendesha gari anapoumia. Hapa kwetu haiko hivyo, na serikali ingefaidika kulieleza hili vizuri zaidi kuliko inavyofanya.

Hapo hoja ya serikali imesimama. Lakini kodi isiyopanda na bei haishuki pia. Kuanzia Juni 2022 serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali, huku ikiendelea kukusanya 892 kwenye kila lita. Dereva aliona mkono mmoja unachukua na mwingine unarudisha, akauliza kwa nini wasipunguze kodi tu. Swali ni la haki, na jibu lipo. Ruzuku inaanza na kukoma kwa uamuzi wa mwezi mmoja. Kodi iliyoshushwa ni kazi kuirudisha. Tena fedha za Mfuko wa Barabara zina mikataba ya wakandarasi nyuma yake: ukizikata Machi, Aprili greda halitoki. Nadhani serikali ilichagua sawa. Ilichokosea ni kuacha watu waamini kwamba ruzuku ni zawadi, ilhali mnunuzi huyohuyo naye anachangia fedha hizo.

Ukiacha kodi, kuna umbali. Meli za mafuta hushusha Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Mwanza inapokea kwa kiasi kikubwa kwa barabara, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Ndiyo maana bei kikomo ya Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za jiji la Mwanza, huwa juu ya ile ya Dar kwa zaidi ya shilingi 100 kwa lita, na Ukerewe juu zaidi, kwa kuwa lori linazunguka Bunda hadi Kisorya kisha linasubiri kivuko kwenda Rugezi.

Ndani ya gharama hiyo ya lori kuna kodi nyingine isiyoonekana kwenye jedwali la bei la EWURA. Chukua lori la lita 40,000. Safari ya kwenda likiwa limejaa na kurudi tupu inaweza kula dizeli ya karibu lita 1,000. Kila lita ya dizeli hiyo imelipiwa 768, yaani shilingi 768,000 kwa safari. Zigawe kwa lita 40,000, unapata kama shilingi 19. Mtu wa Mwanza, basi, analipa kodi ya lita anayonunua na kipande cha kodi ya lita iliyoileta. Shilingi 19 si nyingi, lakini hakuna bajeti inayoitaja, na mtu wa Temeke haijui kabisa. Reli ya kisasa kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ikikamilika na kuunganishwa hadi pwani, na mabehewa ya matangi yakapewa nafasi, hapo ndipo pengo la bei kati ya ziwa na bahari linaweza kupungua kweli. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko kwa malori yanayovuka kwenda Sengerema na Geita. Hiyo ni nafuu ya kuokoa muda na kupunguza usumbufu. Kwenye bei ya lita mchango wake ni mdogo.

Wa Dar wana mlango mwingine wa kutokea: kufunga mtungi wa gesi asilia kwenye gari. Vituo vya kujaza gesi hiyo vimejikita zaidi Dar na Pwani, kando ya bomba. Dereva wa Noah wa Mwanza hana pa kukimbilia.

Sasa nauli. Mei 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipandisha nauli ya daladala ya kilomita zisizozidi 10 kutoka 400 hadi 500, na Desemba 2023 kutoka 500 hadi 600. Mafuta yakaja kushuka, nauli haikurudi. Hapa wenye magari wanaolia kuhusu mafuta hukaa kimya kidogo, na abiria ana haki ya kuligundua hilo. Utetezi wao una uzito kiasi, maana matairi, vipuri na mkopo wa gari havishuki petroli ikishuka. Bodaboda yuko pabaya zaidi kwa sababu hana nauli iliyopangwa. Pikipiki ya cc 125 inayokwenda kilomita 40 hadi 45 kwa lita, ikizunguka kilomita 120 kwa siku, inakula kama lita 3. Kodi humo ni takriban shilingi 2,700. Petroli ikipanda shilingi 150, yeye anapoteza 450 kwa siku, na abiria wa Mkuyuni hatakubali kuongeza hata mia. Hesabu ya jioni anayompelekea tajiri, mwenye pikipiki, haibadiliki.

Wanaotetea tozo wana hoja nzito kuliko zote kwenye barabara zenyewe. Shilingi 100 zilizoongezwa Julai 2021 zilielezwa kuwa za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Mwanza inazihitaji kuliko miji mingi: Bugarika, Igogo, Mabatini, kote ni mteremko na mawe, mvua moja inabeba kifusi chote hadi chini. Barabara ya namna hiyo inakula mafuta pia. Gari linapanda kwa gia ya kwanza na ya pili, klachi inaungua, bushi na shokabu vinaisha kabla ya wakati wake. Mtaa ukiwekwa mawe au zege, dereva anaweza kuokoa zaidi ya anacholipa bila kugundua. Tatizo ni kwamba anayelipa haoni ramani. Mwenye gari wa Buhongwa angeweza kuvumilia tozo kama kwenye ofisi ya kata kungekuwa na karatasi inayosema mtaa huu, mita kadhaa, fedha za tozo, mkandarasi fulani. Bila hiyo, hoja nzuri ya serikali inabaki maneno ya bajeti.

Kuna kipande cha historia ambacho kingebadili sura ya mjadala kama kingekumbukwa. Hadi 2017 kila mwenye gari alilipia ada ya leseni ya gari kila mwaka, liwe linatembea au limelala juu ya mawe. Bajeti ya 2017/18 ikaifuta, na badala yake ushuru wa bidhaa kwenye petroli, dizeli na mafuta ya taa ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Kwa wenye magari ilikuwa nafuu: anayeendesha kidogo analipa kidogo, hakuna faini ya kuchelewa, hakuna kukimbizana na trafiki kwa ajili ya stika. Madereva wengi wanaolalamika leo wamesahau kwamba sehemu ya kodi ya lita ni ada waliyoondolewa.

Lakini nani mwingine aliongezewa zile 40? Mwenye mashine ya kusaga Kwimba. Mwenye jenereta Ukara. Mvuvi. Hao hawakuwa na gari, hawakuwahi kudaiwa leseni ya gari, na tangu 2017 wanachangia leseni za magari ya wengine. Hapa ndipo naona dhuluma halisi, kubwa kuliko ya mwenye gari, na pwani ya ziwa ndiyo inayoibeba.

Tazama mtumbwi wenye mashine ya nguvu farasi 15 unaotoka Kayenze au Igombe. Mashine ya mipigo miwili ya ukubwa huo, ikifunguliwa mwisho, inakunywa kama lita 6 hadi 8 kwa saa. Safari ya kwenda na kurudi inamaliza lita 25 kirahisi, pamoja na oili nusu lita kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1. Kwenye lita hizo 25 kuna makato ya shilingi 22,300, na kati yake 10,325 ni tozo ya mafuta, ambayo karibu yote ni ya barabara. Mtumbwi haujawahi kuchimba shimo kwenye lami. Serikali itasema samaki anabebwa kwa barabara kutoka mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, hadi viwandani, na ni kweli. Ila lori linalombeba linanunua dizeli yake na kulipa tozo yake.

Nafuu kwa wasiotumia barabara si wazo geni. Kampuni kubwa za madini zilizokuwa na mikataba na serikali ziliwahi kupewa nafuu ya tozo ya mafuta, na Kamati ya Bomani ya 2008, iliyopitia sekta ya madini, ikapendekeza iondolewe. Walioipata walikuwa na wanasheria. Uingereza inapaka rangi nyekundu dizeli ya kodi ndogo ili ikikutwa kwenye tangi la gari ijulikane, na vyombo vya uvuvi viliendelea kuitumia hata baada ya masharti kukazwa Aprili 2022.

Kwa nini tusifanye hivyo? Kwa sababu Tanzania ilishaonja bei mbili. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo yalitumika kuchakachua dizeli na petroli nchi nzima. Vinasaba vikaanza kutumika 2010, na 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 hadi 400 na ushee kwa lita ili faida ya kuchanganya ife. Mwanya ukafungwa, lakini aliyewashia kibatari akaulipia. Walioumizwa na uchakachuaji walikuwa wavuvi pia: petroli yenye mafuta ya taa inafanya mashine ikose nguvu, plagi zinajaa masizi, na mashine ikichemka mzigo ukiwa mzito pistoni inakwama katikati ya ziwa. Ukiweka petroli nafuu mwaloni Igombe leo, kesho iko kwenye madumu, keshokutwa kwenye pikipiki za Kisesa. Hoja hii ya Hazina siwezi kuipuuza.

Kwa hiyo nafuu isiwekwe kwenye pampu. Iwekwe kwenye leseni. Vyombo vya uvuvi vinasajiliwa, vina namba ubavuni, vinalipia leseni kila mwaka, na kila mwalo una BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, inayojua nani anatoka na nani amelaza chombo. Kiwango kikipangwa kwa nguvu ya mashine, kwa mfano lita kadhaa kwa mwaka kwa farasi 9.9 na nyingine kwa farasi 15, tozo ya barabara ya lita hizo inapunguzwa kwenye ada ya leseni, na inayobaki inalipwa kwa simu ya mwenye chombo. Bei ya lita inabaki moja, hivyo hakuna cha kuchakachua. Udanganyifu utahamia kwingine: mtu atasajili mashine kubwa aliyoazima na kuvulia ndogo, au atasajili mtumbwi uliooza. Hapo afisa uvuvi atalazimika kufika mwaloni, asome namba iliyogongwa kwenye mashine yenyewe na aione ikiwaka, kabla ya kutia sahihi.

Mwenye gari, kwa upande wake, anachoweza kukidai mwezi huu ni asiuziwe juu ya kikomo. Bei kikomo ya wilaya yake anaipata kwa kupiga *152*00#, sheli inatakiwa kubandika bei pale zinapoonekana, na risiti ya pampu ndiyo ushahidi. Ukerewe na Ilemela zina vikomo tofauti, kwa hiyo kabla ya kugomba Nansio kwa bei uliyoiona mjini, soma mstari wa Ukerewe.