Paa huchorwa mezani, mtaro hupimwa kwa miguu

Mradi wa Ramani Huria ulipoanza mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia kata za Dar es Salaam zinazofurika, wakachora ramani na kuiweka OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote, ambako watafiti wa maafa huichukua bure. Wanaoutilia shaka utaratibu huu husema mambo mawili: kazi ya wanagenzi haiaminiki, na kujitolea kwao kunaficha kazi inayostahili malipo.

La kwanza ni kweli nusu. Kuchora mapaa juu ya picha ya setilaiti kuna makosa yanayojulikana. Picha huweza kusogea mita kadhaa, ndiyo maana huoanishwa kwanza na vipimo vya GPS. Tandale na Manzese mabati yamegusana, na mgeni wa kazi hufunga nyumba nne ndani ya umbo moja, makadirio ya kaya yakapungua. Mkaguzi wa pili hulirekebisha hilo akiwa amekaa.

Mtaro ni habari nyingine. Lazima mtu aende na futi kamba, apime upana na kina, aandike kama ni wa zege au wa udongo. Akiishia juu ya taka na mchanga badala ya sakafu, mtaro wa mita moja unaingia kama nusu mita. Mstari nao huchorwa kufuata maji yanakoelekea. Ukigeuzwa, hesabu inayapandisha mlimani. Mistari miwili ikikaribiana bila kuwa na nukta ya pamoja, mkondo umekatika. Hilo la nukta JOSM, programu ya kuhariri ramani hiyo, hulikamata, kina haikijui. Ramani itapendeza, na makadirio ya mafuriko yatakuwa ya uongo.

Hoja ya malipo ndiyo nzito zaidi, na kwa maoni yetu haijajibiwa. Mwanafunzi hupata ujuzi halisi, tena mapema, lakini mafunzo kwa vitendo yakiisha anarudi darasani, na bonde la Msimbazi halimsubiri: masika moja hujaza mchanga mtaro uliopimwa vizuri. Anayebaki ni mkazi, yule yule aliyemwonyesha mwanafunzi alama ya maji ukutani ili aipime kutoka sakafuni. Basi fungu la kwanza la fedha liende kwake. Apewe simu, futi kamba na ujira, aipitie mitaro ya mtaa wake mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika, na wanafunzi wabaki kuwa wakaguzi wa anachoingiza.