Majani ya Mwarobaini na Hesabu ya Maji

Kwenye maabara za vyuo vikuu, Nairobi ikiwemo, kuna njia ya "kijani", yaani isiyodhuru mazingira, ya kutengeneza chembe nano (chembe ndogo mno) za madini ya fedha ambayo imezoeleka. Unachemsha majani, tuseme ya mwarobaini, unachuja, unachanganya maji yake na naitreti ya fedha, chumvi ya madini hayo, kisha unangoja rangi igeuke kahawia. Polifenoli, kemikali za asili za jani, huzipa ioni za fedha (atomi zilizopungukiwa elektroni) elektroni, halafu huzizingira chembe zisishikamane. Chembe hizo huua bakteria, ndiyo maana zinatafutwa kwa vichujio vya maji na bandeji.

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Kinachotumika mara nyingi mahali pa jani ni sodiamu borohidridi, kemikali yenye sumu inayotoa haidrojeni ikikutana na maji. Mwanafunzi asiye na kabati la kufyonza mvuke ana haki ya kuiogopa. Katika kanuni 12 za kemia ya kijani walizochapisha wanakemia Paul Anastas na John Warner mwaka 1998, jani linagusa mbili waziwazi: malighafi inayoota tena, na kupunguza hatari ya ajali. Tena umeme wa Kenya hutoka zaidi kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, hivyo hata kuchemsha kwenyewe hakuna moshi mwingi nyuma yake.

Lakini kanuni ya kwanza kabisa ni kuzuia taka. Kipimo kinachotumika sana ni milimoli 1 ya naitreti ya fedha kwa lita, na ndani ya lita hiyo mna gramu 0.108 tu za fedha. Hata usipopoteza chochote, gramu 1 ya chembe inadai zaidi ya lita 9 za maji, na hapo hujaosha majani wala kusuuza chembe. Mwanakemia Roger Sheldon alituachia mwaka 1992 kipimo cha kilo za taka kwa kila kilo ya bidhaa: usafishaji wa mafuta karibu 0.1, viwanda vya dawa 25 hadi zaidi ya 100. Mwanzoni maji hayakuhesabiwa. Kwenye nchi za mvua za mwaka mzima, sawa. Kwa Nairobi, ambako mitaa hupata maji kwa zamu na mitungi hupangwa foleni, kuyaacha maji nje ya hesabu ni kujidanganya.

Na jani lenyewe halitabiriki. Msimu, udongo na umri wa mti hubadilisha polifenoli, na ukubwa wa chembe hubadilika nazo. Fedha nayo bado inachimbwa, kisha inayeyushwa kwa asidi ya nitriki ili kupata naitreti. Jani halijagusa mzigo huo hata kidogo.

Linganisha na ile miundo yenye vitundu, ya metali iliyounganishwa na molekuli za kaboni, iliyowapa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2025. Mingi hutengenezwa ndani ya dimethilifomamidi, kiyeyushi kinachodhuru ini na uzazi. Alumini fumareti, mmoja wa jamii hiyo, hutengenezwa ndani ya maji, na kampuni ya kemikali ya BASF imeufikisha kiwango cha kiwanda. Pale aliyebadilisha kitu alianza na kilicho kizito zaidi, yaani kiyeyushi. Huo ndio ukijani ninaoweza kuutetea.

Nitajibiwa kwamba beseni la maabara si kiwanda, na ni kweli. Madhara ya kikombe kimoja ni madogo. Hata hivyo tasnifu inayojiita ya kijani ingepaswa kuandika lita za maji, gramu za bidhaa, na mahali yalikoishia maji ya kusuuzia. Yakimwagwa kwenye sinki, mtaro wa maji taka unaweza kuyafikisha kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka ya Ruai, ambako wasafishaji ni bakteria, na fedha ile ilitengenezwa kuwaua.