Vichwa vya bodaboda havina mfadhili

Mama mdogo alikuwa na bahasha yenye karatasi zote za baba mdogo tangu ajali: PF3, picha za CT scan zilizokunjamana, kadi ya kuruhusiwa wodini. Dada wa kliniki akajaza fomu yake. Presha? Sukari? Anakunywa? Anavuta? Katika ukoo kuna aliyewahi kuchanganyikiwa? Akafika mwisho, akaweka kalamu chini. Mama mdogo akamwambia, "Dada'angu, mbona ya kichwa huniulizi? Huyu aligongwa na lori, akalala hajitambui mpaka tukamwita shehe." Yule dada akamjibu kwa upole kabisa kwamba sehemu ya kuandika hayo haipo.

Baba mdogo hajafika 60. Anapotea akienda gengeni. Anauliza kama hesabu ya bosi imeshapelekwa, na pikipiki yenyewe iliishia kwenye skrepa zamani. Mtaani wanasema mengine, mnayajua, siwapi nafasi hapa.

Dada wa watu simlaumu. Ile fomu ndiyo iliyonipandisha hasira, na kwa hasira hiyo nikakaa kusoma: duniani ni nani anatoa hela ya kuchunguza kuumia kichwa kunavyoleta dimensia, yaani kupoteza kumbukumbu na akili, na hela hiyo anapewa nani? Nilichokikuta ni kwamba hela zipo. Zinawafuata watu maarufu, na zinatoka mbio pale wanasheria wanapoanza kubisha hodi.

Chukueni Marekani. Mwaka 2002, Bennet Omalu, daktari aliyezaliwa Nigeria, aliuchunguza huko Pittsburgh ubongo wa Mike Webster, nyota wa mpira wa Kimarekani aliyefariki akiwa na miaka 50 baada ya kuhangaika kwa miaka, akili imevurugika. Akakuta ugonjwa unaoitwa CTE, wa ubongo kuharibika kwa kugongwa kichwa mara kwa mara, ambao mabondia walishaonekana na kitu cha namna hiyo tangu miaka ya 1920. Vipimo vya ziada alivilipia kutoka mfukoni mwake. Alipochapisha matokeo 2005, madaktari wa kamati ya NFL, yaani ligi yenyewe, waliandika kutaka makala ile ifutwe.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2012, wachezaji wa zamani wakiwa wamejazana mahakamani kwa maelfu kuidai ligi fidia ya vichwa vyao, NFL hiyohiyo ikaguswa moyo ghafla na sayansi. Ikaahidi dola milioni 30 kwa NIH, taasisi za serikali za utafiti wa afya. Makofi. Mwishoni mwa 2015 NIH ikaipa timu iliyoongozwa na Boston University utafiti wa miaka 7, wa takribani dola milioni 16, wa kutafuta namna ya kuutambua CTE mgonjwa akiwa bado hai, maana hadi leo uhakika hupatikana kwa kuupasua ubongo wa marehemu. Ni swali la maana kuliko yote. Ligi haikumpenda mmoja wa watafiti wakuu, kwa kuwa alishasema wazi mambo ambayo haikutaka kuyasikia. Hela yake haikwenda kwenye utafiti ule, na NIH ikabeba gharama kwa fedha za walipa kodi. Mwaka 2016 ripoti ya wabunge wa chama cha Democratic ikasema ligi ilijaribu kuingilia isivyostahili. Ligi ikakana. Mwaka 2017 makubaliano yakafikia mwisho, na zaidi ya nusu ya zile milioni 30 haijatumika. Ndivyo inavyokuwa fisi akikabidhiwa ufunguo wa bucha.

Kwenye fidia ya wachezaji hao ndiko nilikochoka kabisa. Vipimo vya akili vya wachezaji weusi vilisahihishwa kwa kudhania kwamba tangu mwanzo uwezo wao ulikuwa chini ya wa weupe. Kwa hiyo mweusi ilibidi aharibike zaidi ndipo ahesabiwe kuwa ameharibika. Sijatunga. NFL ilikubali kuachana na utaratibu huo 2021, baada ya wachezaji wawili weusi kwenda mahakamani.

Haya, kuna upande wa pili, na nauandika kwa shingo upande. Uskoti, hela ya mpira ilizaa kitu cha maana. Mwaka 2019 timu ya Glasgow ya Dk. Willie Stewart ilitoa matokeo ya wanasoka wa zamani 7,676 waliolinganishwa na watu wa kawaida zaidi ya 23,000. Wachezaji walikuwa na uwezekano mara tatu na nusu wa kufa kwa maradhi ya kuharibika ubongo. Waliolipia ni chama cha soka cha England na chama cha wachezaji. Tusiwavike mataji, lakini. Jeff Astle, mshambuliaji aliyekuwa akifunga kwa kichwa, alifariki 2002 akiwa na miaka 59, na mchunguzi wa vifo akaamua ni ugonjwa uliotokana na kazi. Kati ya uamuzi ule na matokeo ya Glasgow imepita miaka 17, mijukuu imezaliwa.

Ila kilichonikaa kichwani kuhusu Glasgow si hela. Ni kwamba hawakuhitaji kumfuata mtu hata mmoja nyumbani. Walichukua orodha za wachezaji, wakazioanisha na kumbukumbu za hospitali na za vifo ambazo nchi ile ilikuwa imezitunza kwa miongo. Jibu lilikuwa limelala kabatini likimsubiri mtu wa kuuliza.

Sisi kabatini tuna nini? Pikipiki zilifurika Tanzania kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000. Vijana walioanza kupakia mishikaki wakiwa na miaka 20 na kitu, leo wanakaribia 40. Madhara ya ubongo ya aina hii huchukua miaka kumi, ishirini, hata zaidi kujitokeza. Maana yake wimbi la kwanza liko njiani, na nafasi ya kuwaandika watu hawa kabla hawajaanza kusahau ni sasa. Ukisubiri mpaka wafike kliniki wakiwa kama baba mdogo, utamuuliza nani aliumia lini, alizimia kwa muda gani, alianguka mara ngapi? Mgonjwa mwenyewe hakumbuki! PF3 zinaliwa na panya.

Na msinijibu kwamba dimensia kwetu haichunguzwi. Inachunguzwa. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Newcastle, Uingereza, walipita vijiji kwa vijiji, wakakuta asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi wana dimensia, kwa hesabu iliyorekebishwa kwa umri. Kazi nzuri mno. Lakini ilianzia miaka 70. Kijana aliyepasuka kichwa barabarani anaweza kuharibikiwa akiwa na 52 na akafa na 61, na hesabu hiyo haimuoni popote.

Jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la Lancet liliingiza kuumia kichwa kwenye visababishi vya dimensia 2020, na 2024 likakadiria mchango wake kuwa asilimia 3 ya dimensia yote duniani. Data nyingi za makadirio hayo zimetoka nchi tajiri. Sijui kwa nini tukubali namba hiyo kuwa yetu wakati barabara zao si barabara zetu.

Najua mtakachosema. Helmeti kwanza: sawa, kwanza. Wajawazito na malaria: sawa. Si kila aliyeumia kichwa atapata dimensia: kweli, wengi hawapati. Wafadhili wa nje: Mei 2025 NIH ilisitisha utaratibu wa vyuo vya Marekani kugawa ruzuku zao kwa washirika wa nje, kwa hiyo anayeendelea kukaa kwenye foleni ile na akae.

Ninachotaka si maabara ya kifahari. Nataka daftari. Hospitali kubwa zinazopokea majeruhi wa vichwa ziandike kila anayeruhusiwa, kisha mtu amtafute kila baada ya miaka michache na kumpima kumbukumbu kwa dakika chache. Namba za simu zitabadilika, ndiyo. Basi chukua na ya mama yake, na jina la mjumbe wa nyumba kumi, maana wajumbe wanajua mpaka nani kahamia kwa shemeji yake.

Hela itoke kwenye bima ndogo, ile ya third party. Kila pikipiki halali barabarani inailipa, na kampuni za bima ndizo zinazofunga jalada la majeruhi siku anapotoka wodini, kana kwamba ubongo nao umefunga jalada. Bosi wa pikipiki achangie, si kijana anayempelekea hesabu. Fedha ziingie kwenye mfuko wa taifa wa utafiti, watafiti wachaguliwe na wanasayansi wenzao, na kampuni ya bima isipewe kiti kwenye kamati wala nakala ya matokeo kabla ya watu wengine. Wakiitaka ripoti, wataisoma gazetini siku ileile tutakayoisoma mimi na mama mdogo.