Sukari baada ya kula: stripu zitumike wapi?

Watu wengi wenye kisukari aina ya pili hapa kwetu, wakishapata kimashine cha kupimia sukari nyumbani na stripu zake, vile vijiti vinavyopokea tone la damu, hupima asubuhi kabla ya chai, basi. Ikisoma 6 (namba za sukari hapa ni za milimoli kwa lita), roho inatulia hadi kesho yake. Lakini kipimo cha asubuhi kinaeleza jinsi usiku ulivyopita. Sahani ya wali na maharage ya mchana hakiioni. Mtu anaweza kuamka na 6.2 kila siku, akafika 13 baada ya kula, kisha akashangaa kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, yaani HbA1c, kikivuka asilimia 7.

Hiyo ndiyo hoja ya wanaohimiza kupima baada ya mlo, na ina uzito. Chama cha Kisukari cha Marekani kinapendekeza, kwa watu wazima walio wengi, sukari iwe kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na isifike 10 saa moja hadi mbili tangu tonge la kwanza. Utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kadiri HbA1c inavyokaribia lengo, ndivyo sukari ya baada ya kula inavyochangia sehemu kubwa zaidi ya ziada iliyobaki. Kwa aliye na asilimia 10 au 11, mzigo mkubwa uko kwenye sukari ya kabla ya kula. Huyo aanze huko.

Upande wa pili nao si wa kupuuza. Uingereza, mwaka 2007, watu 453 wenye kisukari aina ya pili wasiotumia insulini walifuatiliwa kwa mwaka mzima. Waliojipima hawakupata nafuu ya maana kuliko wasiojipima, hata wale waliofundishwa kuzitafsiri namba zao. Mwaka 2017 utafiti wa watu 450 huko North Carolina, Marekani, ulitoa jibu lilelile. Ireland ya Kaskazini, wagonjwa wapya waliojipima walionyesha dalili zaidi za sonona. Hilo linanigusa, kwa sababu nimewaona watu wakikiogopa kidole chao wenyewe. Tena kwetu stripu wengi hununua kwa fedha za mfukoni, fedha zilezile za mboga na nauli ya kliniki.

Je, tuache? Mimi nasema hapana, ila tubadilishe namna. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2011, uliwachukua wagonjwa 483 ambao sukari yao ilikuwa juu na hawatumii insulini. Waliopangiwa kujipima kwa utaratibu maalumu walipima mara saba kwa siku, siku tatu tu kabla ya kumwona daktari, wakaandika na walichokula, na daktari alikuwa amefundishwa kuchukua hatua kwa namba hizo. HbA1c yao ilishuka kwa pointi 1.2, ya wenzao wasiopewa utaratibu huo kwa 0.9. Tofauti si kubwa, lakini inaonyesha njia: vipimo vichache, vyenye swali, na mtu wa kuvijibu.

Kwa mwenye stripu za kuhesabu, ningemshauri achague mlo mmoja anaoula mara kwa mara, tuseme ugali wa jioni. Apime kabla ya kula, apime tena saa mbili baada ya kuanza kula, aandike zote mbili na kiasi alichokula. Siku nyingine apunguze ugali, aongeze mchicha na dagaa, au atembee robo saa baada ya kula, kisha apime vilevile. Anawe mikono kwa sabuni na kukausha kabla ya kutoboa. Kidole kilichomenya embe kinaweza kuonyesha sukari ambayo haimo kwenye damu. Na namba moja mbaya isimfanye abadilishe dozi bila kuongea na daktari.

Kuna ambao mjadala huu hauwahusu. Anayejichoma insulini anahitaji kupima mara kwa mara, na anayetumia glibenklamaidi, kidonge cha kisukari kinachoweza kushusha sukari kupita kiasi, anapaswa kupima akihisi kutetemeka au jasho la ghafla. Kwa mama mjamzito mwenye kisukari, kipimo cha baada ya kula ni cha lazima hasa: utafiti wa mwaka 1995 kwa wajawazito waliokuwa wakitumia insulini ulionyesha kwamba waliorekebisha dozi kwa kufuata sukari ya baada ya mlo walijifungua watoto wakubwa kupita kiasi mara chache, na upasuaji ulipungua, kuliko waliofuata ya kabla ya mlo.

Lililobaki liko kliniki. Mgonjwa akifika na daftari lenye ugali, mchicha na namba mbili mbili, muuguzi asiishie kutazama ile ya asubuhi. Amuulize alikula nini siku ile iliyosoma 14, na wapange pamoja mlo wa kujaribu kabla ya tarehe ijayo.