Mwamba Uliomfuata Profesa

Profesa wetu haamini watu, anaamini spektra, ule mchoro wa mionzi iliyopangwa kwa nishati. Mwambie jiwe hili lina thoriamu, atakuuliza umeona nini kwenye nishati ya 2615, pale thoriamu inapojulikana. Ukijiumauma, ameshaondoka. Sasa fikiria kwenda mlimani na mtu wa namna hiyo kupima mionzi ya asili kwenye miamba ya graniti, huku wewe ndiye umebeba spektromita.

Kifaa chenyewe ni fuwele ya iodidi ya sodiamu iliyofungiwa ndani ya kopo. Unakilaza juu ya mwamba, unasubiri dakika kadhaa, nacho kinahesabu miali ya gamma na kuipanga kwa nishati. Potasiamu-40 hujitaja yenyewe kwenye keV 1461, keV ikiwa kipimo cha nishati ya miali. Uraniamu ni mchoyo wa gamma, kwa hiyo habari zake tunazipata kwa kitukuu chake, bismuthi-214, kinachozaliwa uraniamu inapovunjika hatua kwa hatua, kwenye 1765. Za thoriamu nazo huletwa na kitukuu chake, thaliamu-208, kule juu kwenye 2615.

Vituo vya mwanzo vilipita bila kisa. Potasiamu asilimia nne hivi, uraniamu na thoriamu za kawaida tu, graniti ikawa graniti. Profesa alikuwa mbali, akizozana na ramani.

Halafu akaja.

Hakuwa hata amefika, kifaa kikaanza kulia. Hesabu ya jumla ikapanda, ikapanda tena, na kadiri Profesa alivyoinama kutazama kioo ndivyo ilivyozidi kuchachamaa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

“Na hapa mlikuwa mnapita tu?”

Tukatazamana. Hapo ndipo tulipokuwa tumekaa kupumzika muda wote.

“Andika!” akaniamuru. “Chanzo kikubwa cha mionzi, upande wa mashariki wa mlima, hakijapata kuripotiwa.” Akainua nyundo, akabandua kipande cha jiwe, akakikumbatia kifuani. Kifaa kikapiga kelele kama king'ora. Mzee akatabasamu kwa namna ambayo hatukuwahi kuiona tangu atusimamie.

Tatizo likawa namba. Hesabu ya jumla ilikuwa imepaa, lakini madirisha ya potasiamu, uraniamu na thoriamu, yaani hesabu za nishati zao zile tatu, yalikuwa yamelala palepale. Fujo yote ilikuwa chini kabisa, kilele kimoja kirefu kwenye keV 140. Hakuna mwamba duniani unaopiga kelele pale peke yake. Nilishuku kifaa kimeyumba, nikatazama kilele cha potasiamu: kiko 1461, kimetulia. Kifaa kilikuwa kizima. Ila dunia ndiyo ilikuwa na kasoro.

Profesa akaenda kupiga picha bonde. Kimya. Akarudi. Kelele. Akaenda kujisaidia nyuma ya kichaka. Kimya. Akarudi, kelele, ingawa nadhani zilikuwa zimepungua kidogo. Sote tuliona, na sote tukajifanya tunakagua mawe. Wewe ungeanzaje? “Samahani Profesa, kiini cha mionzi ni wewe”? Huyu ndiye anayesaini tasnifu!

Aliyethubutu ni binti mmoja mgeni kwenye kundi, ambaye bado hakuwa amejua kumwogopa. “Profesa, naomba unipe hilo jiwe, kisha usogee mpaka kwenye ule mti.”

Akasogea, akinung'unika. Binti akapima jiwe. Graniti ya kawaida kabisa. Akalitua chini, akakinyanyua kifaa na kumfuata Profesa taratibu, kama mtu anayemkaribia fahali. Kufika kifuani pake, hesabu zikafurika.

“Haishangazi,” mzee akajibu kwa utulivu wa darasani. “Kila mwanadamu ana potasiamu-40 mwilini. Bekereli elfu nne na ushei kwa mtu mzima, yaani atomi elfu nne na ushei zinazovunjika kila sekunde. Hamjasoma?”

“Tumesoma, Profesa. Ila hiyo ingekuwa 1461. Wewe uko 140.”

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito. Mtu asiyeamini watu alikuwa amesomewa spektra yake mwenyewe. Niliona akihesabu kichwani, midomo ikicheza, kisha masikio yakabadilika rangi.

keV 140 ni teknetiamu-99m, dawa yenye mionzi wanayodungwa wagonjwa hospitalini ili kamera ya gamma ione moyo unavyopata damu. Nusu-uhai wake, yaani muda wa kupungua kwa nusu, ni saa 6, kwa hiyo baada ya siku nzima bado inabaki sehemu moja ya kumi na sita, hata kabla ya kuhesabu inayotoka na mkojo. Kwa daktari hicho ni kisalio tu. Kwa fuwele yetu, iliyozoea minong'ono ya mawe, ni kelele za uwanja wa mpira.

“Jana si ulisema una kikao, Profesa?” binti akauliza.

“Kilikuwa kikao. Na daktari.”

Kumbe alificha kwa kuhofia tungemnyang'anya nyundo. Moyo ulikutwa salama, alisema, na akatuonya habari zisifike nyumbani kwake kabla yake. Tukamwomba asimame mbali tumalizie vituo vilivyobaki. Akakubali, akawa anatufokea kutoka kule kule.

Jioni nikaandika kwenye daftari la vipimo: “Kituo cha mashariki: kirudiwe bila Profesa.” Asubuhi nikakuta ameipitia kwa kalamu nyekundu: “Maelezo hayatoshi. Taja isotopu, nishati na umbali kutoka kwenye chanzo.”